Ng'ombe Waliokunywa Bwawa la Guku

Jirani yangu hapa Bariadi mjini anajenga. Jumamosi asubuhi vijana wake walianza kuchanganya zege chini ya dirisha langu, na ile harufu ya saruji iliyoingia maji ikapanda mpaka kitandani. Watu wengi wanaipenda, wanasema ndiyo harufu ya maendeleo. Mimi nilifunga dirisha kwa hasira hata kioo kikatetemeka, na mume wangu akaniuliza kama nimegombana na mafundi. Sijagombana na fundi yeyote. Nimegombana na marehemu babu yangu, miaka mingi sasa, na ugomvi wenyewe hauna wa kuuamua, maana yeye yuko kaburini na mimi nusu ya kosa ni langu.

Naomba mnivumilie niwasimulie, kwa sababu jambo hili sijawahi kulisema lote kwa mpigo mmoja.

Babu tulimwita Guku, kama Wasukuma wanavyowaita babu zao. Nyumbani kwetu ni Nkololo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na alikuwa na maradhi mamoja tu: kujisifu. Kijijini mtu akianza kujenga, hata kama ni choo, Guku alifika bila kuitwa. Alichovya kidole kwenye zege, akakisugua na kidole gumba, akanusa, na wallahi nilimwona mara mbili akionja kwa ulimi. Kisha alitikisa kichwa. "Mchanga umezidi hapa. Hili zege ni uji wa mgonjwa." Mafundi walimchukia, lakini ni nani atamfukuza mzee? Walimpa kigoda akae mbali, naye akakivuta karibu.

Haki hiyo ya kusumbua watu aliipata, kwa maelezo yake, kwenye bwawa. Ujanani, mwaka ambao pamba ilikataa kabisa, aliondoka na wenzake wawili kwenda kutafuta kazi kusini, akafika kwenye mto Ruaha ambako lilikuwa linajengwa bwawa kubwa la umeme. Wenzake walirudi baada ya msimu mmoja. Yeye alikaa mpaka ukuta ukasimama. Habari za bwawa hilo nilizijua kabla sijajua kuhesabu mpaka mia.

"Mto haupigwi," alikuwa akiniambia. "Mto unadanganywa. Unauchimbia njia nyingine pembeni, nao unaiamini." Ndivyo walivyofanya. Walipasua mwamba kwa baruti, mto ukageuzwa ukapita kando, na pale ulipokuwa umelala tangu dunia iumbwe pakabaki matope, samaki wa kuokota kwa mikono, na mawe makubwa yaliyokuwa hayajawahi kuona jua. Hapo ndipo ukuta ulipoanzia. Nondo zilisukwa kama kikapu, mbao zikazungushwa, zege likamwagwa bila kupumzika, kwa sababu zege likikatizwa katikati linaota ufa. Guku alikuwa miongoni mwa wale walioingia ndani na mabuti kulishindilia likae. Alikuwa akivua kiatu kunionyesha miguu, ngozi ya vifundo imebabuka imekuwa nyeupe, anasema saruji ndiyo iliyomla pale. Alionea fahari lile kovu kuliko wazee wengine walivyoonea fahari meno ya simba.

Halafu alifika kwenye sehemu niliyoipenda, siku walipofunga milango na maji yakaanza kupanda. Hayakuja kwa kishindo, alisema. Yalikuja taratibu, siku nyingi, kama mgeni asiye na haraka. Yalifunika nyasi, yakafunika vichuguu, yakapanda miti mpaka shingoni. Panya na nyoka walikimbilia kilima kimoja wakakaa pamoja bila ugomvi. Miti ilifia majini ikiwa imesimama, na ndege wakaendelea kutua juu yake wasijue kwamba imekufa.

Nilipomuuliza maji yanakuwaje umeme, hakunijibu kwa mdomo. Alisubiri mvua. Nyuma ya zizi palikuwa na mfereji, tukajenga ukuta wa udongo mweusi wa mbuga, tukapitisha bua la jani la mpapai chini yake, na mbele ya bua akaweka kigurudumu alichokichonga kwa mabua ya mtama. Maji yalipojaa yakaruka kupitia kwenye bua, kigurudumu kikazunguka, mimi nikapiga kelele. "Pale sasa, Minza," akasema, "ndipo taa inapowaka." Niligeuka nikatazama nyumba yetu kuona kama imewaka. Tulikuwa tunatumia koroboi, tena ya kubana mafuta.

Majirani walimtania kwa hilo. Walimwuliza, mzee, huo umeme wako mbona haujui kwenu? Naye hakukosa jibu: "Umeme si mbwa, hauitwi kwa mluzi. Unakuja."

Ushahidi wake ulikuwa kibati cha namba, cha mviringo, kimetobolewa juu, ambacho kila kibarua alipewa kuvaa shingoni. Kilikuwa na namba mia saba na tatu. Alikining'iniza kwenye msumari juu ya kitanda chake na kukisugua kwa jivu kila Jumapili, wakati Mayu, yaani mama yangu, akituvisha twende kanisani. Yeye kanisani alikwenda Krismasi tu. Kwenye harusi akisimama kusalimia alijitambulisha kwa jina, kwa ukoo, kisha kwa namba. Nilimpenda, jamani. Nisipolisema hilo, hayo mengine hayataeleweka.

Sasa baba yangu. Aliitwa Masunga, mtoto pekee wa kiume wa Guku, mtu mpole mpaka watu walimwonea. Kwetu mbuga za malisho zilikuwa zimegeuka mashamba ya pamba, na kiangazi ng'ombe walilamba vumbi. Kwa hiyo baba, kama Wasukuma wengi wa wakati ule, aliswaga ng'ombe akaenda nao mbali, mpaka mabonde ya Usangu kwenye majani na maji, akatuacha Nkololo na Mayu, tukilima. Alirudi mara moja kwa mwaka, akinuka moshi na maziwa, akakaa wiki tatu, akaondoka.

Ng'ombe wenyewe walipita sitini, lakini msidhani walikuwa wake. Walikuwamo wa Guku, wa mahari ya mashangazi, wa ndama aliyezawadiwa mtu fulani siku ya harusi au ya kuzaliwa. Wote walikuwa chini ya neno la Guku. Kwetu anayeshika fimbo siye mwenye zizi. Baba aliweza kulala na ng'ombe hao porini miaka kumi, akawatoa kupe kwa mkono, akawajua kwa majina mpaka tabia, lakini hakuweza kuuza hata mmoja bila baba yake kusema uza.

Na maji waliyokunywa ng'ombe hao huko Usangu ndiyo yanayotiririka kuingia Ruaha, na Ruaha ndiyo inayojaza bwawa la Guku. Aliponieleza hivyo alicheka mpaka akakohoa. Mtoto wake yuko juu ananywesha ng'ombe, yeye ameweka ukuta chini anakinga yanayobaki. Mto mzima, kwa hesabu zake, ulikuwa mali ya ukoo wetu.

Nilikuwa darasa la nne mambo yalipoanza kuharibika. Mwaka huo dada yangu Nkwimba alikuwa amemaliza la saba na kufaulu kwenda sekondari, msichana wa kwanza katika nyumba yetu. Mayu alipopata habari alikaa chini katikati ya uwanja akiwa bado na mchi mkononi. Yeye hakwenda shule hata siku moja, na alitia kidole kwenye wino kila mahali palipohitaji sahihi. Aliuza mtama wake akamnunulia Nkwimba tranka ya bati, ya bluu, yenye kufuli, akaiweka chumbani kwake, tupu. Vilivyobaki, yaani ada, godoro, sare na madaftari, vilisubiri baba auze ng'ombe wawili watatu. Nkwimba alikuwa akiifungua ile tranka na kuifunga. Hakuna cha kutazama ndani, lakini alifungua.

Mvua zilikosekana nchi nzima. Redio ya Guku, ambayo tuliisikiliza sote jioni tukichambua mboga, ikaanza kusema habari za mgao wa umeme. Mijini watu wanakaa gizani, viwanda vinasimama, maji katika mabwawa yameshuka. Guku alisikiliza akiwa amekunja uso kama mtu anayesengenywa. Baadaye ikaja habari nyingine: mifugo imezidi kwenye mabonde ya juu ya mito, imekanyaga vyanzo vya maji, kwa hiyo mifugo iondoke.

"Nani aondoke?" Guku akauliza redio. Redio ikaendelea na salamu za wasikilizaji.

Haukupita mwezi akafika Jilala, binamu yake baba, ambaye alikuwa huko huko Usangu na ng'ombe wake. Alikuwa ameuza wote. Alifika na begi moja na barua ya baba, na alikuwa anakaa siku mbili tu kabla ya kurudi kumalizia mambo yake. Nkwimba hakuwepo, alikuwa Nyashimo kwa shangazi akimsaidia kazi za nyumbani. Kwa hiyo msomaji wa nyumba nilikuwa mimi. Nilisimama katikati ya uwanja nikaisoma kwa sauti ya darasani.

Baba aliandika kwamba wenzake wanauza. Wanunuzi wangalipo na bei bado ni ya binadamu, lakini kila siku inashuka. Anaomba ruhusa auze wengi, arudi nyumbani na wachache, na Nkwimba aende shule. "Baba, nipe neno lako," ndivyo ilivyomalizika. "Bila neno lako sitafanya kitu."

Guku alicheka. Ningependa kuwaambia alifikiri kwanza, lakini hapana. Alicheka, akapiga paja, akamwuliza Jilala ni ng'ombe gani duniani anayekunywa bwawa. "Mimi nimeyaona yale maji! Leta ng'ombe wote wa Usukuma wanywe mwaka mzima, hayashuki hata upana wa kidole! Ng'ombe anakunywa kwa mdomo, hanywi kwa bomba." Jilala, kwa heshima yote, akiwa ameinama, akasema, "Baba mkubwa, amri imeshatoka. Watu wanaondoka." Guku akamwambia watu wanaoondoka hawana mtu wao pale. Masunga ana mtu wake.

Akaingia ndani akatoka na kibati.

"Minza, leta karatasi. Andika."

Nikaandika. Barua ile naikumbuka yote, na nyingine nilizoandika maishani nimesahau. "Mwanangu Masunga, usiuze hata ndama. Sisi si wageni kwenye yale maji. Watakapokuja, waonyeshe kibati hiki. Waambie wewe ni mtoto wa mia saba na tatu, aliyeingia kwenye zege la ukuta wao kwa miguu yake. Wataangalia kwenye vitabu vyao, wataniona. Hawawezi kumfukuza mtoto wa mtu aliyejenga. Mvua ikinyesha bwawa litajaa na maneno yatakwisha. Mimi baba yako." Alinifanya nimsomee mara tatu, na kila mara alikubali kwa kichwa kama anasikiliza muziki.

Kisha akaongeza, kwa ajili yangu: "Na likizo ya Juni uje umchukue Minza, umpeleke akaone bwawa." Alikuwa ameniahidi hivyo tangu nikiwa mdogo. Niliyaandika maneno hayo kwa haraka, hata wino ukachafua karatasi.

Mayu alikuwa jikoni akitoboa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha, na kuitunga kwenye kamba. Alisikia kila neno, lakini mkamwana hasimami uwanjani akambishia baba mkwe. Kwetu hata kupishana naye mlangoni huwezi, unangoja apite. Aliniita nikamsaidie kushika kamba. Alinong'ona bila kunitazama.

"Ng'wanawane, mwanangu, umeacha nafasi chini ya karatasi?"

"Imebaki, Mayu."

"Andika la kwangu. Mwambie auze. Aje na wale watakaobaki, mapema. Nkwimba aende shule. Mwandikie ni mimi nimesema, lawama ya mzee nitaibeba mimi."

"Guku atakasirika."

"Guku hajui kusoma," akasema, na kwa mara ya kwanza akanitazama. "Hata mimi sijui. Unajua wewe. Nakuomba."

Watoto hawaombwi kwetu, wanatumwa. Kwa sababu hiyo neno lile lilinitisha. Nilichukua karatasi nikaenda kukaa nyuma ya zizi, karibu na ule mfereji, nikiwa na kalamu.

Niwaambie sababu nilizojipa. Nilijiambia mwalimu ametufundisha kwamba anayeandikiwa barua ndiye mwenye barua, na kuongeza maneno ni kusema uongo. Nilijiambia Guku amejenga bwawa, Mayu amejenga nini? Hizo ndizo sababu za mdomoni. Ya moyoni ilikuwa nyingine: baba akiuza akarudi, nani atanipeleka Juni kuona bwawa? Nilitaka kuiona ile miti iliyokufa imesimama majini. Nilitaka kuuona ukuta, niuguse, nirudi shuleni niwaambie wenzangu. Kuhusu Nkwimba sikufikiri kabisa. Naapa nimejitahidi kukumbuka kama nilimfikiria, na sikumfikiria.

Nilikunja karatasi, nikaweka kibati katikati, nikafunga bahasha kwa ulimi. Jikoni Mayu aliniuliza kwa macho. Nikasema, "Nimeandika." Akanipa kipande cha kiazi cha moto, akasema wabeja, ahsante, kama vile nilikuwa mtu mzima. Jilala akaondoka na basi la asubuhi.

Shule za sekondari zilifunguliwa. Mayu alisema baba yuko njiani, leo au kesho. Alisema hivyo kila siku kwa uhakika ambao ulinifanya nikimbie nisikae naye karibu. Nkwimba alifunga tranka akaacha kuifungua. Mwalimu mkuu wa sekondari alimtunzia nafasi mwezi mzima, kisha akampa mwingine, na simlaumu. Mvua ilinyesha vizuri kweli, Guku akatoka nje akasimama kwenye mvua akisema, "Si niliwaambia? Si niliwaambia?"

Baba alirudi mwezi uliofuata, juu ya lori la Fuso alilochangia na wafugaji wengine. Liliposimama barabarani nilikimbia, na harufu ilinikuta kabla sijamwona. Walishusha ng'ombe tisa. Nilisubiri washuke wengine. Mmoja alikuwa amekufa ndani ya lori na wenziwe walikuwa wamemkanyaga, wakamshusha kwa kamba.

Habari yenyewe tuliipata vipande vipande, kwa sababu baba hakuwa msemaji. Barua ilipomfikia aliitii. Wenzake waliuza, wakaondoka, wakamsihi, yeye akabaki. Amri ilipotekelezwa alikwenda na kibati mkononi kwa wale waliokuwa wakisimamia. Kijana mmoja alikipokea, akakigeuza, akamwita mwenzake naye akakiangalia. Hawakumtukana. Walimrudishia, wakamwambia mzee wake amefanya kazi kubwa sana, lakini ng'ombe waondoke leo. Wakati huo wanunuzi walikuwa wamebaki wawili na walijua hana pa kwenda. Wengine aliwatoa kwa bei ya mbuzi. Wengine walikufa njiani kwa kiu wakitafuta njia ya kutoka, kabla mvua haijaanza, na wengine aliwaacha wakiwa hai wamelala, kwa sababu hawakuweza kusimama na yeye hakuweza kuwabeba.

Yote hayo yalikuja baadaye. Siku ile aliingia uwanjani, akampigia Guku goti kama mtoto anavyomsalimia baba yake, akatoa kibati mfukoni akakiweka chini mbele ya kigoda.

"Baba," akasema, "wamekisoma. Wamekusalimia."

Kisha akaenda kuoga. Guku alikaa akikitazama kile kibati mpaka kuku wakaja kukidonoa. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile, tena si la mkuu. Kuanzia siku hiyo hakutamka tena neno bwawa. Redio ikisema habari za umeme aliizima.

Mjue kwamba sikumchukia kwa kukosea. Kila mtu hukosea. Alidhani aliyebeba jiwe anapata sehemu ya ukuta. Nilipokua nikasoma mambo ya mito na mabwawa, nikawasikia wataalamu, mmoja akisema ni ng'ombe, mwingine akisema ni mashamba ya mpunga, wa tatu akisema ni mvua tu, na mpaka leo sijui ng'ombe wetu walilinywa lile bwawa au hawakulinywa. Kilichonitia uchungu na Guku ni alichofanya baadaye. Zizi lilikuwa tupu, na mtu kama yeye hakuweza kulitazama tupu. Kulikuwa na njia moja ya haraka ya kulijaza.

Akatokea mtu mzima mmoja kutoka Zagayu, mgane aliyefiwa na mke, mwenye ng'ombe. Nkwimba alikuwa na miaka kumi na sita. Baba alisema "hapana" mara moja, kwa sauti ndogo, na Guku akamwuliza, "Una ng'ombe wangapi wewe wa kusema hapana?" Sijamsikia baba akibisha kitu chochote tangu siku ile. Mayu alilia nyuma ya nyumba akiwa amejiziba mdomo kwa kanga. Ng'ombe kumi na tano wakaingia zizini, weupe wengi, wazuri, na Nkwimba akatoka. Aliondoka na ile tranka ya bluu. Safari hii ilikuwa imejaa vitenge na sufuria, na ilibidi mimi niikalie juu ili kufuli lifunge.

Miaka mitatu baadaye nikafaulu mimi. Guku mwenyewe, bila kuombwa, akasema wauzwe ng'ombe wawili. Akauza wengine kidato cha tatu, na wengine nilipokwenda chuo, wakati huo akiwa amelala hoi na miguu ile ya saruji imevimba. Nadhani alikuwa analipa, lakini alimlipa mtu asiyemdai. Nimesomeshwa na ng'ombe wa dada yangu, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikapata hiki kiti cha ofisini ninachokalia. Guku tulimzika zizini kama inavyomstahili mwenye mji. Nguzo za umeme ziliingia Nkololo mwaka uliofuata, na moja imesimama pale pale palipokuwa na ule mfereji.

Siri yangu niliishika. Mayu hakuniuliza kamwe kuhusu barua, nami nikaamini amesahau, au anadhani baba aliyasoma maneno yake akayapuuza. Nilimwona akimtendea baba vizuri miaka yote, nikafikiri, huyu mama ana moyo, mume amempuuza na bado anampikia hivi. Ndivyo nilivyojidanganya mtu mzima na shahada yangu.

Mwaka huu, msimu wa pamba, nilikwenda Zagayu kumsaidia Nkwimba kuchuma. Mumewe alishafariki. Ana watoto sita, mikono imekakamaa, na anacheka kwa sauti ya Guku kabisa, jambo ambalo hunikera na kuniliza kwa pamoja. Tulikuwa tumekaa kwenye turubai tukitenga pamba safi na fifi, yaani ile chafu ya daraja la pili, hakuna mtu karibu, na sijui ni nini kilichonipata. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya nafasi iliyobaki chini ya karatasi, alichoniomba Mayu, na nilivyotaka kuliona bwawa. Nilikuwa nalia kabla sijafika nusu.

Hakuacha kutenga pamba.

"Najua," akasema. "Mayu aliniambia siku naondoka kuja hapa. Baba aliporudi, Mayu alimwuliza, mbona hukufanya la kwangu? Baba akamwuliza, la kwako lipi? Akamtolea barua, mzee wa watu alikuwa nayo mfukoni. Mayu akampelekea Jilala amsomee. Alisomewa mpaka mwisho."

Miaka yote hiyo. Niliuliza kitu cha kijinga, kwa nini hawakunipiga.

"Mayu alisema usiambiwe. Alisema, huyu akijua tunajua, ataacha kusoma, na mimi nitakuwa nimepoteza wote wawili. Akaniapisha. Nikaapa. Kila ukija hapa na nguo zako za Bariadi, na zawadi zako za watoto, nilikuwa nakaa na kiapo changu."

Ndugu zangu, nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikiwaficha. Mwanamke asiyejua herufi alinificha mimi, akamtumia binti yake mkubwa kumwokoa mdogo, na wote wawili wakanipakulia chakula, wakanisifu, wakacheka na vichekesho vyangu. Nilimshika Nkwimba mkono. Nilimwambia hata sijui nimshukuru vipi, kwamba amenisamehe miaka yote hii bila mimi kuomba.

Aliutoa mkono wake taratibu, kwa sababu alikuwa ameshika pamba.

"Sikukusamehe, Minza. Nilinyamaza," akasema. "Hayo ni mambo mawili."

Kisha akanionyesha kwa kidevu upande wangu wa turubai, ambako nilikuwa nimechanganya safi na fifi, akaniambia nianze upya.